Wasomaji Wanauliza: Radiamu, Matone ya Mafuta na Maji ya Moto Yanayowahi Kuganda

Shikamooni wahariri. Nasoma kemia, mwaka wa pili. Vitabu vinasema Marie Curie alihangaika karibu miaka minne kutenga radiamu, lakini havielezi alikuwa akifanya nini hasa. Kwa nini kazi ilichukua muda wote huo, na radiamu yenyewe ilikuwa kiasi gani?

Marahaba. Tuanze na swali lako la mwisho, maana jibu lake ndilo linalofungua la kwanza. Radiamu huzaliwa viini vya urani vinapovunjika, nayo huendelea kuvunjika kwa nusu-maisha (muda ambao nusu ya atomi huvunjika) ya miaka 1,600, wakati nusu-maisha ya urani ni takriban miaka bilioni 4.5. Katika mwamba wa zamani kinachozaliwa hulingana na kinachopotea, kwa hiyo uwiano hautikisiki: tani nzima ya urani hubeba gramu 0.34 tu za radiamu. Curie hakuwa na habari hiyo alipoanza mwaka 1898.

Alichokuwa nacho ni namba za elektrometa, kifaa cha kupima chaji ya umeme. Unga wa madini ulitandazwa juu ya bamba la chuma, bamba jingine likawekwa juu yake, na volti zikawekwa kati yao. Mionzi huzalisha chaji hewani na mkondo mdogo hupita. Ili kuupima, alitumia ukanda wa kwatzi unaotoa chaji unapovutwa, jambo ambalo mumewe Pierre na kaka yake Jacques walikuwa wameligundua mwaka 1880. Unaning'iniza uzito kwenye ukanda, chaji ya kwatzi inafuta chaji inayoletwa na mkondo, doa la mwanga la elektrometa linabaki palepale, na saa inakupa muda. Urani tupu ilimpa pikoampea 24. Pichiblendi, madini ambayo urani ni sehemu yake tu, yalimpa 83. Madini yenye urani kiasi hayawezi kuishinda urani tupu, hivyo lazima kulikuwa na kitu kingine ndani.

Sasa kazi yenyewe. Malighafi ilikuwa mabaki ya pichiblendi kutoka mgodi wa St. Joachimsthal, Bohemia, ambayo urani yake ilikuwa imeshaondolewa. Radiamu ilibaki humo kwa sababu hufuatana na bariamu, na salfeti za elementi hizo mbili haziyeyuki majini. Hatua ya kwanza ni kuchemsha mabaki kwa myeyusho mzito wa kabonati ya sodiamu, ili salfeti igeuke kabonati. Kisha unaosha kwa maji mpaka salfeti yote iliyoyeyuka itoke. Usiharakishe hapo, kwani salfeti ikisalia, ukishatia asidi ya hidrokloriki itairudisha bariamu na radiamu kwenye mashapo, nawe utayatupa ukidhani ni taka. Kabonati iliyosafika inayeyuka kwenye asidi hiyo, unachuja, halafu unatia asidi ya salfuriki na salfeti inashuka tena, safari hii ikiwa safi zaidi. Tani moja ya mabaki ilitoa kilo 10 hadi 20 za salfeti hiyo, yenye unururifu (nguvu ya mionzi) mara 30 hadi 60 ya ule wa urani. Baada ya usafishaji mwingine zilibaki kama kilo 8 za kloridi ya bariamu yenye chembe za radiamu.

Mpaka hapo ni kazi ya misuli. Curie alishughulikia hadi kilo 20 kwa mkupuo, akikoroga vyungu vinavyochemka kwa nondo iliyokaribia kimo chake.

Kilichokula miaka ni kuitenga radiamu na bariamu. Kikemia ni ndugu mno hata hakuna kitendanishi cha kuzitenganisha kwa mara moja. Tofauti pekee iliyomsaidia ni kwamba kloridi ya radiamu huyeyuka kwa shida kidogo kuliko ya bariamu. Unayeyusha kloridi katika maji yaliyotoneshwa yanayochemka mpaka myeyusho ushibe, unaufunika, unauacha upoe. Fuwele zinazojikusanya chini huwa na unururifu kama mara tano ya kilichobaki kwenye maji. Mara tano inaonekana nyingi, lakini radiamu nyingine bado imo majini, na huwezi kuimwaga. Kwa hiyo unapanga bakuli kwa safu: fuwele za bakuli hili huyeyushwa na kuwekewa maji yaliyobaki ya bakuli lililo mbele yake, mengine yote yanafuata hivyo hivyo, na mzunguko unaanza upya. Fuwele kali husogea upande mmoja wa safu, maji maskini upande wa pili. Ya mwisho upande wa maskini humwagwa, na fuwele kali kuliko zote hutolewa na kuwekwa kando. Kiasi kinapopungua sana unaongeza asidi ya hidrokloriki, maana hupunguza uyeyukaji, la sivyo kila kitu kitabaki majini.

Mwaka 1902 alikuwa na desigramu moja ya kloridi ya radiamu, iliyomtosha kupima uzito wa atomi: 225. Leo tunaandika 226. Radiamu yenyewe ikiwa metali aliipata mwaka 1910, akiwa na André Debierne, kwa kupitisha umeme kwenye myeyusho wenye elektrodi ya zebaki na kuivukiza zebaki baadaye.

Kuna balaa moja lisilotajwa sana. Vumbi na gesi ya radoni vilitapakaa kila mahali, na hewa ya maabara ikawa yenyewe inapitisha umeme, mpaka ikawa vigumu kupata kifaa kisichovuja chaji. Ndiyo maana madaftari yake, yaliyohifadhiwa katika maktaba ya taifa ya Ufaransa, yana unururifu hadi leo. Kwa nusu-maisha ya miaka 1,600, miaka 120 na ushei haijapunguza hata asilimia 6.

Je, ni kweli Jocelyn Bell aligundua pulsa na zawadi wakapewa wengine?

Ndiyo. Pulsa ni nyota inayotuma mapigo ya redio kwa vipindi sawasawa. Mwaka 1967 Bell alikuwa mwanafunzi wa udaktari huko Cambridge, chini ya Antony Hewish. Darubini ya redio waliyoijenga ilikuwa na antena ndogo 2,048 na ilitoa karibu mita 30 za karatasi ya mchoro kila siku, ambazo yeye alizisoma kwa macho. Kuzunguka anga yote kulichukua siku nne, na katika mita 120 hivi za mchoro kulikuwa na kijisehemu cha mikwaruzo kisichofanana na nyota wala na kelele za magari. Alichokiona ambacho mwingine angekipita ni kwamba mikwaruzo ile ilirudi kwa saa za nyota, yaani kila baada ya saa 23 na dakika 56. Mitambo ya binadamu hufuata saa 24. Novemba waliongeza mwendo wa karatasi na mapigo yakaonekana wazi, moja kila sekunde 1.337.

Makala ilichapishwa Februari 1968 ikiwa na waandishi watano, Hewish wa kwanza, Bell wa pili. Nobeli ya fizikia ya 1974 walipewa Hewish na Martin Ryle. Kanuni inaruhusu hadi watu watatu kwa zawadi moja, kwa hiyo hoja ya kukosa nafasi haisimami: kiti cha tatu kilikuwa wazi. Mwaka 2018 alipewa zawadi nyingine ya dola milioni 3, akaitoa yote kusomesha wanafunzi wa fizikia kutoka makundi ambayo ni machache katika fani hiyo.

Nimesoma kwamba Robert Millikan alichagua data alipopima chaji ya elektroni. Kama ni hivyo, mbona bado tunafundishwa jaribio lake?

Kwa sababu jaribio ni zuri, na kwa sababu kosa lake kubwa halikuwa pale watu wanapolitafuta.

Kwanza lifahamu. Mabamba mawili ya mviringo yenye kipenyo cha karibu sentimita 22 yanakaa kwa usawa, yameachana kama milimita 15. Ukungu wa mafuta unapulizwa juu, na tone moja linapenya kwenye kitundu cha bamba la juu. Mafuta, si maji, kwa sababu tone la maji huvukia na uzito wake hubadilika ungali unalitazama. Bila umeme, tone linashuka kwa mwendo usiobadilika, na mwendo huo unakupa ukubwa wake. Ukiweka maelfu ya volti, tone linapanda, na mwendo wa kupanda unakupa chaji. Tone hilohilo unaweza kulipandisha na kulishusha kwa saa kadhaa. Mara kwa mara linanasa chaji kutoka hewani na mwendo wake unaruka ghafla. Miruko hiyo haina ukubwa wa katikati: ni moja, mbili, tatu, kamwe si moja na nusu. Hapo ndipo uthabiti wa hoja ya Millikan ulipo, na hauhitaji hata ujue thamani ya chaji.

Katika makala yake ya 1913 aliorodhesha matone 58, akaandika kwamba hayakuchaguliwa bali ni yote yaliyopimwa kwa siku 60 mfululizo. Madaftari yake yanaonyesha matone zaidi ya hayo. Sentensi ile, kama ilivyoandikwa, si ya kweli, na hatuoni namna ya kuitetea. Mengi ya yaliyoachwa yalikuwa na sababu za kawaida: kipimo kilikatika njiani, hewa ilikuwa na mkondo wa joto, vumbi liliingia, volti ziliyumba. Mengine yaliachwa bila sababu iliyoandikwa. Waliorudia hesabu kwa kuyaingiza waliona thamani ya chaji haisogei sana. Kinachoongezeka ni ukubwa wa shaka inayoizunguka. Yaani kilichopambwa ni usahihi wake, jibu lenyewe likabaki karibu vilevile.

Na jibu hilo lilikuwa na kasoro ambayo hakuna tone lingeweza kuifichua. Millikan alipata kulomu 1.592 × 10⁻¹⁹, wakati thamani ya leo ni 1.602 × 10⁻¹⁹. Upungufu ni asilimia 0.6. Chanzo ni mnato wa hewa. Mnato huingia katika hesabu ukiwa kwenye kipeo cha 3/2, hivyo ukiupunguza kwa asilimia 0.4 tu, chaji inapungua kwa asilimia 0.6, na inapungua kwa matone yote kwa kiwango kilekile. Kurudia mara elfu hakusaidii, kwa kuwa kosa la namna hiyo halijifuti kwenye wastani. Liligunduliwa pale watu walipoipata chaji ya elektroni kwa njia nyingine kabisa, kupitia eksirei na fuwele, na namba mbili zikakataa kupatana. Ukilirudia jaribio hili maabara, soma joto la hewa kati ya mabamba, usitumie la chumba. Taa inayomulika matone hupasha hewa hiyo joto, na mnato hupanda pamoja na joto.

Jambo moja zaidi. Harvey Fletcher, mwanafunzi wake, alifanya sehemu kubwa ya kazi ya mwanzo ya mafuta. Walikubaliana makala ya chaji iende kwa jina la Millikan peke yake na nyingine ibaki kwa Fletcher kwa ajili ya udaktari. Nobeli ya 1923 ilimwendea Millikan.

Henry Cavendish alipima G au alipima uzito wa dunia? Walimu wetu wawili wanabishana.

Alipima densiti ya dunia. G, yaani namba isiyobadilika ya kani ya uvutano, haimo kwenye makala yake ya 1798. Wengine waliitoa humo baadaye kwa hesabu nyepesi, kwa hiyo walimu wenu wote wana pa kusimama, ila aliyetaja dunia yuko karibu zaidi na karatasi yenyewe.

Kifaa kilibuniwa na John Michell, aliyefariki kabla ya kukitumia. Ufito wa kama mita 1.8 unaning'inia kwa waya mwembamba, na kila ncha ina tufe dogo la risasi la gramu 730. Matufe makubwa mawili ya kilo 158 kila moja yanasogezwa karibu, na ufito unajisokota kidogo. Kani inayosokota ni kama sehemu moja katika milioni 50 ya uzito wa tufe dogo. Kwa kani ndogo hivyo, joto la mwili wa mtu linatosha kuvuruga kila kitu, kwa kuwa upande mmoja wa kasha ukipata joto hewa ya ndani huanza kuzunguka na kuusukuma ufito. Cavendish alikifungia kifaa chumbani, akasogeza matufe kwa kapi akiwa nje, na kusoma vipimo kwa darubini zilizopenya ukutani. Waya wa kwanza ulikuwa laini mno, ufito ukichukua karibu dakika 15 kubembea kutoka upande mmoja hadi wa pili, basi akaweka mgumu zaidi, wa dakika 7 hivi.

Alipata vipimo 29 na kuandika wastani wa 5.48 mara ya maji. Wastani sahihi wa namba zake mwenyewe ni 5.448: kipimo kimoja cha 4.88 kilijumlishwa kama 5.88. Thamani ya leo ni 5.51, kwa hiyo kosa la kujumlisha lilimsogeza karibu na ukweli. Tumelitaja kwa sababu lilionekana tu kwa kuwa alichapisha vipimo vyote, si wastani peke yake.

Ndugu wahariri, nafundisha fizikia sekondari. Tumejaribu jaribio la Mpemba na wanafunzi. Safari nyingine maji ya moto yanatangulia kuganda, safari nyingine hayatangulii. Tunakosea wapi?

Mwalimu, huenda hamkosei popote. Matokeo ya kuyumba ndiyo ambayo hata maabara kubwa huyapata. Ila kuna mitego kadhaa ya kuondoa kwanza.

Kwa wasomaji wasiojua: mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu shule ya sekondari Magamba, aliona mchanganyiko wa aiskrimu uliowekwa ungali moto ukiganda kabla ya uliopozwa. Baadaye alimuuliza Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, Osborne akalijaribu badala ya kulicheka, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja katika jarida la Physics Education.

Fuateni kwanza vipimo vyao. Walitumia maji ya sentimita za ujazo 70 katika bika za 100, juu ya kipande cha polisterini. Kipande hicho si pambo. Bika ya moto ikikaa moja kwa moja juu ya sakafu ya friza yenye theluji, huiyeyusha, kisha theluji inaganda upya na kuikumbatia bika, na joto hutoka kwa chini haraka kuliko kwenye bika baridi. Hapo mtakuwa mnapima theluji ya friza. Maji yote, ya moto na ya baridi, yachemshwe kwanza, ili hewa iliyoyeyuka isiwe tofauti baina yao.

Baada ya hapo amueni mnapima nini: kufika nyuzi 0, kipande cha kwanza cha barafu, au kuganda chote. Osborne na Mpemba walihesabu muda hadi maji yanapoanza kuganda, na ulikuwa mrefu kuliko wote kwa maji yaliyoanzia nyuzi 25 hivi, mfupi zaidi kwa yale ya karibu nyuzi 90. Lakini maji safi yanaweza kushuka nyuzi kadhaa chini ya sifuri bila kuganda, kisha yakaganda kwa ghafla. Kinachoyaamsha ni mkwaruzo wa kioo au punje ya vumbi, na hilo ni bahati nasibu. Kundi moja likiganda saa 5:40 na jingine saa 5:55, tofauti inaweza kutokana na mkwaruzo tu. Badilishaneni bika kati ya maji ya moto na ya baridi kila mara, na badilishaneni nafasi ndani ya friza.

Kipimajoto ndicho mtego mkubwa. Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walionyesha kwamba kukiweka juu au chini kwa sentimita moja kunatosha kuzalisha "athari ya Mpemba" isiyokuwepo, kwa kuwa maji ndani ya bika hayana joto moja kila mahali. Wao, wakipima muda wa kufika nyuzi 0, hawakuiona kabisa. Fungeni kipimajoto kwenye kishikizo, kina kilekile kwenye bika zote.

Mwisho pimeni masi kabla na baada. Kama joto lote kutoka nyuzi 100 hadi 0 lingetoka kwa mvuke peke yake, yangepotea maji ya kama asilimia 16. Mkiona upotevu unakaribia hapo, maji ya moto yamewahi kwa sababu yamebaki machache. Funikeni bika mrudie, mlinganishe. Na msiweke bika moja ya moto na moja ya baridi kwenye friza moja bila kujaribu pia kila moja peke yake, kwa sababu ile ya moto huiwasha mashine ya kupoza na jirani yake hufaidi.

Kielezo cha h cha mwanasayansi hukokotolewaje, na kinaaminika?

Kielezo hiki hupima makala za mtu ni ngapi na zinanukuliwa na wengine kiasi gani. Kilipendekezwa na Jorge Hirsch mwaka 2005. Panga makala kuanzia iliyonukuliwa zaidi. Shuka mpaka nafasi ya mwisho ambayo idadi ya nukuu haijapungua chini ya namba ya nafasi yenyewe. Mtu mwenye nukuu 25, 8, 5, 3 na 3 ana h ya 3: ya tatu ina 5, inatosha; ya nne ina 3, haifiki 4. Zile 25 zingekuwa 2,500, h ingebaki 3 vilevile.

Hiyo ndiyo kasoro ya kwanza. Ya pili ni kwamba haijali mlikuwa wangapi. Makala ya 2015 iliyounganisha vipimo vya ATLAS na CMS, majaribio mawili ya maabara ya CERN, kuhusu masi ya chembe ya Higgs ina waandishi 5,154. Kati ya kurasa zake 33, tisa ndizo zenye sayansi na marejeo yake, zilizobaki ni majina na taasisi. Kila mmoja wao anahesabiwa nukuu zote. Kwa hiyo mlinganishe mtu na wenzake wa fani moja na umri mmoja wa kazi, na kabla ya hapo hakikisha makala zilizoorodheshwa ni zake kweli: watu wawili wenye jina moja huchanganywa mara nyingi kuliko unavyodhani.